Lazima, Inabidi, Si Lazima: Kusema Wajibu kwa Kiingereza Bila Kupitia Kifaransa

Chukulia mahojiano katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 na ambamo watu wengi wa mashariki ya Kongo wameishi. Mama mmoja wa Kabambare ameketi mbele ya afisa anayesema Kiingereza. Ameulizwa juu ya mume wake, naye ameinamisha kichwa. Afisa anauona uchungu ule, anasema kwa upole: "You don't have to answer." Mkalimani ni kijana aliyehitimu katika shule zetu. Sentensi ile inapita kwanza kwenye Kifaransa chake cha darasani, inakuwa "vous ne devez pas répondre", kisha inamfikia mama ikiwa amri: "Usijibu." Afisa alimwachia hiari. Mama amepokea katazo, na jambo ambalo pengine alitaka kulisema limebaki kifuani.

Sasa geuza upande. Muuguzi wa kituo cha afya anamweleza mgeni asiyejua Kifaransa namna ya kumeza kidonge kinachoumiza tumbo likiwa tupu. Kwa Kifaransa angesema "il ne faut pas le prendre à jeun". Anatafuta "il faut", anakumbuka "have to", anatia kanusho: "You don't have to take it on an empty stomach." Mgonjwa anaelewa kwamba kula au kutokula ni shauri lake. Anameza bila kula.

Mkalimani na muuguzi wote wanajua maneno. Kilichowaponza ni njia waliyopita. Mimi nawashauri wanafunzi wa Kasongo, wa Kabambare na wa Maniema yote kwamba jambo la wajibu likiwajia kwa Kiingereza, wasilipitishe kwenye Kifaransa. Walipitishe kwenye Kiswahili cha nyumbani. Shuleni tumezoeshwa kinyume. Neno la Kiingereza linaandikwa ubaoni, pembeni yake la Kifaransa, na Kiswahili kinaachwa mlangoni. Kwa majina ya vitu, kama meza, mvua au ndege, hakuna madhara. Kwa wajibu madhara ni makubwa, maana kitenzi kimoja cha Kifaransa, "devoir", kimebebeshwa kazi nyingi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno mbalimbali. Kiswahili nacho kimezigawa, na mara nyingi mipaka yake ni ileile ya Kiingereza.

Wala njia hii si mpya. Wasemaji wa Kiingereza waliofika kwetu karne ya 19, Livingstone aliyekaa Nyangwe kando ya Lualaba mwaka 1871, Cameron mwaka 1874 na Stanley mwaka 1876, walinunua chakula na kupatana na wenyeji kwa Kiswahili kilichokuja na misafara ya pwani. Mwaka 1870 Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha kuwafundisha wasemaji wa Kiingereza lugha hii. Jeshi la Dola Huru ya Kongo likiongozwa na Dhanis liliiteka Kasongo mwaka 1893, na Kifaransa cha ofisini na darasani kikafuata. Kiingereza na Kiswahili vilikutana hapa kabla ya hapo, na hakuna sababu ya kuvitafutia mkalimani wa tatu.

Kanusho linakaa wapi

Nitakaa hapa kwa muda, maana hapa ndipo watu wanapoumizana.

Kiswahili kina makanusho mawili yasiyochanganyika. Ukisema "si lazima uende", umekanusha ulazima: mlango uko wazi, ukitaka nenda, ukitaka kaa. Ukisema "usiende", umekanusha kitendo chenyewe: mlango umefungwa. Mtoto wa miaka minne pale Kasongo anajua tofauti hii na hawezi kukosea.

Kiingereza kina tofauti hiyohiyo. "You don't have to go" ni "si lazima uende". Tazama mpangilio wake: "don't" imekaa mahali pa "si", na "have to" imekaa mahali pa "lazima". Zinafuatana kwa utaratibu uleule, kwa hiyo huna haja ya kukariri kanuni yoyote. Kila usikiapo "don't have to", iwe kwa mimi, kwa yeye au kwa wao, mdomo wako utoe "si lazima" papo hapo. "She doesn't have to pay" ni "si lazima alipe". "They don't have to wait" ni "si lazima wangoje". Katazo lina sura nyingine: "You mustn't go", au kwa kawaida zaidi "Don't go", ndiyo "usiende".

Kifaransa kinakuvuruga kwa sababu "il ne faut pas partir" inaonekana imekanusha "il faut", kumbe maana yake ni "usiondoke". Na "tu ne dois pas" vivyo hivyo. Mara nyingi ni katazo. Kama kazi yako inakulazimisha kupita kwenye Kifaransa, kwa mfano unafasiri barua ya ofisi, basi tumia "tu n'es pas obligé" kwa "don't have to", na uiache "il ne faut pas" kwa makatazo tu. Hapo utakuwa salama.

Kuna jambo jingine kuhusu makatazo. Katika mazungumzo ya kila siku, Mwingereza au Mmarekani hasemi "mustn't" mara nyingi. Husema "can't". "You can't park here." "You can't bring that inside." Aliyezoea "pouvoir" husikia habari ya uwezo, akajibu kwamba anaweza, ana nguvu, mzigo si mzito. Hapa "can't" ni "hairuhusiwi". Ukiwa mpakani, kwenye uwanja wa ndege au mlangoni mwa ofisi, na aliyesema ni mtu mwenye sare, ichukue kuwa katazo, kisha uulize "Where can I leave it?" badala ya kubishana. Utasikia pia "You're not allowed to", ambayo ni hiyohiyo kwa maneno marefu.

Must si neno la kila siku

Anayetoka kwenye Kifaransa huipenda "must" kwa sababu kitabu cha shule kilimwambia ndiyo "devoir". Ni fupi, haibadiliki kwa nafsi, inavutia. Lakini katika mazungumzo imerudi nyuma sana. Mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Leech alilinganisha maandishi ya mwaka 1961 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya Uingereza na ya Marekani, akakuta "must" imepungua kwa karibu theluthi moja pande zote mbili. Hayo ni maandishi, ambayo hubadilika polepole kuliko ulimi. Mahali pake pamechukuliwa na "have to" na "need to".

Sababu moja inafaa kuelezwa, maana itakusaidia kuchagua. Ukimwambia mtu "You must finish today", yeye anasikia kwamba wewe mwenyewe ndiye unayemwamuru. Ukisema "You have to finish today", anasikia kwamba hali ndiyo inayotaka hivyo: gari linaondoka, ofisi inafungwa, mvua inakuja. Hii ndiyo nguvu ya "inabidi". Neno "inabidi" halina mwenyewe. Hakuna mtu aliyesimama nyuma yake na fimbo. Vivyo hivyo huku kwetu wengi wakisema "inaomba uende", anayeomba si mtu, ni jambo lenyewe. Hizo zote zina mwenzao mmoja katika Kiingereza cha mdomoni: "have to".

Basi "must" iliyobaki itumie wapi? Kwenye matangazo na sheria zilizoandikwa utaikuta imejaa: "All visitors must sign the book." Kwenye mtihani wa Examen d'État utaikuta, na ukiulizwa ijibu kama kitabu kinavyotaka. Mtu hujisemea mwenyewe: "I must call my mother." Na iko katika ukarimu: "You must come and eat with us" ni mwaliko wa moyo, kama sisi tunavyomshika mgeni mkono na kumwambia "lazima ule kwetu". Hapo amri imegeuka upendo, na hakuna atakayechukia. Nje ya hapo, ukiwa na shaka, sema "have to".

"Need to" ndiyo ndugu mpole wa "have to". Karani akikuambia "You need to sign here", hasemi kwamba wewe unahitaji sahihi hiyo. Aliyezoea "avoir besoin de" hujiuliza: nina haja gani mimi? Karani anasema tu "inabidi utie sahihi hapa", kwa sauti isiyosukuma. Ukiwa mkuu wa kazi na unataka kumwelekeza kijana bila kumvunjia heshima, hii ndiyo yako: "You need to check the numbers again."

Umbo lake lisikutishe. Wengi hukosea wakisema "I must to go". Kiswahili kinakupa dawa. "Lazima niende" haina "ku" ya kitenzi; ndivyo na "must go" isivyo na "to". "Nalazimika kwenda" ina "ku". Ndivyo na "have to go" na "need to go" zilivyo na "to". Kwa yeye, sema "has to": "He has to go." Na swali lijenge kwa "do", si kwa kugeuza maneno kama katika "dois-je". "Must I pay?" inaeleweka, lakini masikioni mwa msemaji wa leo ina harufu ya malalamiko, kama mtu anayenung'unika. Mfanyabiashara wa Kasongo aliyefika Kampala kuchukua mzigo wake aseme: "Do I have to pay for storage?" Na akijibiwa "No, you don't have to, but you have to collect it by Friday", amepewa habari mbili tofauti katika pumzi moja: kulipa si lazima, kuchukua kabla ya Ijumaa kupita ni lazima. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi za Kiingereza kwa wafanyabiashara wetu zimekuwa jambo la karibu, na mazungumzo ya namna hii hayawahusu wasomi peke yao.

Bidi, kwa nyakati zote

"Must" haina wakati uliopita wala ujao. Wanafunzi huunda "I will must" na hata "I musted", kwa sababu "je devrai" na "je devais" zipo. Kiingereza kimekataa. Lakini "have to" inapinda kwa kila wakati, na "-bidi" nayo inapinda, hatua kwa hatua pamoja nayo.

Zisome kwa sauti, Kiswahili kwanza. Inanibidi niondoke: I have to leave. Ilinibidi niondoke: I had to leave. Itanibidi niondoke: I'll have to leave. Ingenibidi niondoke: I would have to leave. Haikunibidi nilipe: I didn't have to pay. Haitambidi angoje: he won't have to wait. Badilisha kitenzi, badilisha nafsi, uendelee ukiwa njiani kwenda shamba au sokoni. Ukizoea hivyo kwa juma moja au mawili, "have to" itakutoka bila kuitafuta, na Kifaransa hakitapata nafasi ya kuingia katikati.

Kuna msemo ambao wasomi wetu wanaupenda sana: "I am obliged to", kutoka "je suis obligé de". Si kosa la sarufi. Lakini ukimwambia rafiki "I am obliged to go to the market", anafikiri kuna hakimu aliyekuhukumu. Sema "I have to go to the market". Na "It is necessary that I go", ambayo ni "il faut que j'aille" iliyovikwa nguo za Kiingereza, iache kabisa katika mazungumzo.

"Il a dû partir": maana mbili, hatari moja

Sentensi "il a dû partir" ina maana mbili. Ya kwanza: alilazimika kuondoka, tunajua. Ya pili: hatumwoni, kwa hiyo tunadhani ameondoka. Mfaransa hutofautisha kwa muktadha. Kiswahili hakikuachii utata huo: "ilimbidi aondoke" ni jambo moja, "lazima atakuwa ameondoka" ni jambo jingine. Kiingereza nacho kinatenga: "He had to leave" na "He must have left".

Tofauti hii ina uzito katika maeneo kama Salamabila, kwenye teritwari ya Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya ilileta kampuni ya Banro kutoka Kanada, na ambako mashirika ya kibinadamu nayo yameingia na Kiingereza chake. Fikiria ujumbe wa redio umefika kwa Kifaransa: "L'équipe a dû quitter le site." Karani anapaswa kuutuma kwa Kiingereza kwa mkuu aliye mbali. Akiandika "The team had to leave the site", mkuu anajua kwamba watu wametoka, wamelazimishwa na hali, na kuna mtu anayejua habari zao. Akiandika "The team must have left the site", mkuu anaelewa kwamba hakuna anayejua walipo, ni dhana tu, na huenda akaanza kuwatafuta. Kabla ya kuandika, karani ajiulize kwa Kiswahili: ni "iliwabidi" au "lazima watakuwa"? Na kama ujumbe wenyewe hauonyeshi, arudi redioni aulize. Kufasiri bila kuuliza ni kubahatisha na maisha ya watu.

Maana ya kudhani ndiyo makao ya kweli ya "must" katika Kiingereza cha leo. "You must be tired" ndiyo "lazima umechoka" tunayomwambia mgeni aliyetoka Kindu kwa pikipiki, kilomita zaidi ya 200 za barabara tunayoijua sote. Hakuna anayemwamuru achoke. Kifaransa nacho husema "tu dois être fatigué", kwa hiyo hapa lugha zote tatu zinakubaliana, nawe usihofu.

Upande wa majuto, "j'aurais dû" huwafanya watu waseme "I would must". Kiingereza ni "I should have". "I should have told you" ni "ilinipasa nikuambie", na aliyesikia anajua kwamba hukumwambia. Usisahau kitenzi kinachofuata kiwe katika umbo lake la tatu: told, gone, paid, seen.

Na "devoir" ya deni iko mbali na haya yote. "Tu me dois dix dollars" ni "You owe me ten dollars", kama Kiswahili kinavyotumia "nakudai" bila kugusa lazima hata kidogo.

Ushauri, matarajio na onyo

"Tu devrais" ni "you should". Ni neno la kushauri: "You should see a doctor", "ingefaa umwone daktari". Ila pima anayesema. Mwenzako akisema "You should send it today", ni ushauri. Mkuu wako wa kazi akisema maneno hayohayo, tuma leo. Utasikia pia "ought to". Ifahamu ikisemwa, huna haja ya kuitumia.

Kifaransa chetu cha Kongo kina "normalement". "Normalement il devait venir lundi." Nimesikia mara nyingi ikitoka kwa Kiingereza kama "Normally he must come on Monday", na msikilizaji anaelewa kwamba mtu huyo huja kila Jumatatu kwa amri. Kinachotakiwa hapa ni "supposed to": "He was supposed to come on Monday." Kwa Kiswahili ni "alitakiwa aje Jumatatu", na wote wawili tunajua hakuja, au bado tunamngoja. "The truck was supposed to arrive yesterday." "We're supposed to take off our shoes here", yaani hapa inatakiwa tuvue viatu, ndivyo desturi ilivyo. Kila unapotaka kusema "normalement" pamoja na wajibu, weka "supposed to" na uiache "normally" ipumzike. Kwa maoni yangu hili peke yake litasafisha Kiingereza chako kuliko kurasa nyingi za mazoezi.

Mahali pamoja Kiswahili chenyewe kitakudanganya, na lazima nikuambie. "Bora" na "heri" kwetu ni maneno laini. Kijana anaweza kumwambia mzee, "Baba, bora upumzike kidogo", akapata baraka. Kamusi itakupa "had better". Lakini "You'd better rest" kwa Kiingereza ina onyo ndani yake: usipofanya, litakupata jambo. Mzazi humwambia mtoto, askari humwambia dereva. Usimwambie mkubwa wako, mgeni wako wala mtu anayekulipa. Kwao sema "You should get some rest" au "Maybe you should rest a little". "You'd better" itunze kwa rafiki wa rika lako, kwa jambo la haraka kweli: "You'd better hurry, the boat is leaving."

Masikio kwanza

Mtu anaweza kujua yote haya kwenye karatasi na asiyasikie yakisemwa. "Have to" haitamkwi kama ilivyoandikwa. V inakuwa f, na maneno mawili yanashikana: karibu "hafta". "Has to" ni "hasta". "Had to" ni "hatta". "Got to", ambayo utaisikia kila mtu akimaliza simu, "I've got to go", hutoka kama "gata", na kwa Wamarekani kama "gara". Ina maana ileile ya "have to", lakini usiiandike kwenye barua ya kuomba kazi. "Supposed to" inabanwa hadi "sposta". "Should have" ni "shuda". Katika "mustn't" ile t ya kwanza haisikiki kabisa.

Sikiliza tofauti hii: "I have two children" hutamkwa na v inayosikika na "tu" ndefu, nzito. "I have to go" ni "ai hafta go". Aliyezoea Kifaransa hutamka zote sawa, tena bila h: "av tu". Sisi tuna h yetu katika "haki" na "hasara"; ilete hapa, inafanya kazi vizuri.

Mahali pa kusikia si lazima pawe mbali. Familia nyingi zina mtu Kampala, Nairobi, kambi ya Nakivale au Marekani. Muombe akutumie ujumbe wa sauti kwa simu, kwa Kiingereza, akieleza siku yake: saa ngapi inambidi aamke, nini si lazima afanye siku za mapumziko, nini hakiruhusiwi kazini kwake. Maisha ya ugenini yamejaa wajibu, kwa hiyo "hafta" na "sposta" zitakuja zenyewe. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili, kila usikiapo wajibu, simamisha na useme Kiswahili chake kwa sauti. Kisha umjibu kwa sauti pia.

Kamusi utakayotafuta iwe ya Kiingereza na Kiswahili. Ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 inatosha kwa kazi hii. Mtu anayevuka kwenda Kigoma anaweza kukutafutia. Iweke kando ya ile ya Kifaransa.

Walimu wenzangu, mkiwa na darasa la watoto 60 na ubao mmoja, chukueni jambo wanaloliishi. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi, inafaa sana. Everyone has to come. The old people don't have to work. You can't bring your phone. We were supposed to start at seven. Kila mtoto aseme kwanza kwa Kiswahili, jirani yake ajibu kwa Kiingereza, halafu wabadilishane. Kifaransa kitarudi kwenye somo lake saa inayofuata, na hakitakuwa kimepungukiwa kitu.

Na kwa wale wanaofanya ukalimani, jiwekeeni desturi moja. "Don't have to" ikisemwa mbele ya mtu mwenye hofu, msiifasiri kwa maneno mawili tu. Semeni "si lazima ujibu, ukitaka kujibu, jibu, ukitaka kunyamaza, nyamaza", kisha mngoje aonyeshe kwamba ameelewa. Afisa akiuliza kwa nini maneno yamekuwa marefu, mwambieni.

Limebaki jambo la zawadi. Umemtembelea msemaji wa Kiingereza na kumpelekea mchele wa Kasongo au chupa ya mawese. Atapokea kwa mikono miwili na kusema "Oh, you shouldn't have!" au "You didn't have to!" Yote ni shukrani, kama "il ne fallait pas" ya Kifaransa, na kama sisi tunavyosema "mbona umejisumbua". Mjibu "It's nothing", na ukae.